Kushona koti la Winnipeg hapa Ndanai

Leo mambo ya hifadhidata yapumzike kidogo.

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya chuo Winnipeg, Kanada, na masomo yanaanza Januari. Karo na tiketi zimemeza bonasi ya chai, pesa za maziwa na akiba yangu. Kilichobaki hakitoshi koti jipya la baridi ya kule. Lakini mama ni fundi, ana cherehani yake ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, na ndani ya sanduku kuna blanketi zito la marehemu babu ambalo siku hizi halitumiki. Kwa hiyo tunapanga kushona. Mama atashona, mimi nimepewa kazi ya kupanga :-)

Shida ni kwamba blanketi ni moja. Mkasi ukishapita, umepita. Mama amekubali likatwe, ila kwa sharti kwamba nimwonyeshe kwanza kuwa litafaa.

Sisi wa huku tunajiona tunaijua baridi. Julai asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya majani chai, kila mtu hapa ana sweta. Winnipeg ni habari nyingine. Usiku wa Januari kule hushuka mara nyingi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na zipo siku zinazopita 30. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inaonya kwamba baridi ikichanganyika na upepo na kuhisiwa kama nyuzi 28 chini ya sifuri au zaidi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Mdogo wangu atakuwa akisubiri basi kando ya barabara. (Kwa wapenda hesabu: 40 chini ya sifuri ndiyo nukta ambapo Selsiasi na Farenhaiti hukutana. Natumaini hataiona.)

Sasa, programu unaijaribu kwenye mashine inayofanana na ile itakakofanyia kazi. Koti la Winnipeg utalijaribu wapi Ndanai? Nimefikiri sana juu ya hili, na jibu ni kwamba koti zima halijaribiki, ila sehemu zake zinajaribika, maana koti halitengenezi joto hata kidogo. Joto ni la mwili. Koti kazi yake ni kushika hewa iliyotulia karibu na mwili, hewa ambayo hupitisha joto polepole sana. Maji hulipitisha mara 20 na zaidi kuliko hewa hiyo, ndiyo maana nguo yenye jasho ni hatari kule. Kwa hiyo maswali ni matatu tu: je, kitambaa kinashika hewa? Upepo unaingia? Jasho linatoka?

Kwanza nilitaka kujua blanketi lenyewe ni la nini. Nikachomoa uzi mmoja pembeni, nikauchoma kwa kiberiti. Ulinuka kama nywele zinazoungua, moto ukazima wenyewe, ukabaki mkaa unaosagika kwa vidole. Hiyo ni sufu. Uzi wa blanketi letu jingine, la sokoni, uliyeyuka ukawa kipunje kigumu cha plastiki. Sufu inafaa kwa kuwa inaweza kunywa unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa.

Halafu majaribio. Nilichukua kopo la lita moja lenye kifuniko, nikalitia maji ya moto, na kila jioni nikalifunika kwa namna tofauti na kuliacha barazani. Kipimajoto ni kile cha maziwa, namba nikaziingiza kwenye jedwali na kuchora grafu. Kopo tupu lilipoa kwanza, kama ulivyotarajia. La blanketi la babu lilikaa na joto zaidi, na la blanketi lililokunjwa mara mbili zaidi ya hapo. Lakini grafu iliyonifurahisha ni hii: blanketi lilelile lililokunjwa mara mbili, likifungwa kwa kubanwa na mipira ya baiskeli, lilipoteza joto upesi kuliko likifungwa kwa kulegea. Ukibana, umefukuza hewa.

Nikamwonyesha mama grafu. Akaitazama, akasema koti hukatwa likiwa limepimwa juu ya sweta, sio juu ya blauzi, na kwamba hilo analijua tangu ajifunze ushonaji. Basi tukamwita mdogo wangu, akavaa sweta mbili, tukampima upya.

Jaribio la upepo lilihitaji pikipiki. Jirani yangu wa bodaboda alikubali kufunga kopo nyuma ya kiti saa kumi na mbili asubuhi, kwenda barabara ya Sotik na kurudi. Blanketi peke yake halikufua dafu, upepo ulipita ndani yake. Safari ya pili tulivika juu yake aproni ya plastiki, ile nzito wanayovaa wachuma chai wasiloweshwe na umande, na joto likakaa vizuri. Lakini muulize mchuma chai yeyote: ile aproni inazuia maji ya nje na jasho la ndani pia. Haifai koti la mtu anayetembea.

Hapo ndipo nikamwelewa jirani yangu mwenyewe. Yeye na wenzake huvaa majaketi makubwa ya mitumba, mengine yameshonwa kwa ajili ya theluji kabisa, na wengine huyageuza zipu ikae mgongoni ili upepo usipate mlango. Mengi ujazo wake umeshalala kwa kubanwa kwenye mabelo na kufuliwa, kwa hiyo kama koti la Kanada yamechoka. Ganda la nje, hata hivyo, mara nyingi ni zima, na zipu ni imara kuliko yoyote tutakayoipata dukani. Mwandika programu haandiki upya kile ambacho kipo na kinafanya kazi. Tutanunua ganda, tutaliweka la babu ndani.

Na wala si wazo la ajabu. Huko huko Kanada, wafanyabiashara wa ngozi za wanyama na watu wa Métis walivaa makoti ya blanketi za sufu kwa vizazi na vizazi. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, iliuza blanketi hizo tangu karne ya 18. Maduka yake yalifungwa mwaka 2025.

Mpango ulivyo sasa: tunaanza na koti la majaribio la shuka kuukuu, avae juu ya sweta zake, ainue mikono, akae chini. Likikubali, tunakata blanketi. Sindano namba 18, uzi wa poliesta, mshono mrefu. Blanketi litashikizwa kwenye ganda shingoni, kwenye zipu na mwishoni mwa mikono tu, kwa sababu kila mshono unaopenya tabaka zote unabana hewa na kutoboa njia ya upepo. Ndani ni bitana laini ili sweta iteleze. Vikuku vya mikono vitakatwa kwenye sweta lake la shule.

Kupanga vipande juu ya blanketi niliandika programu ndogo. Tatizo hilo ni gumu hata kwa kompyuta kubwa, na mpangilio bora niliopata uliacha kofia nje. Mama aligeuza mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, kofia ikaingia na kikabaki kipande cha mfuko.

Jumamosi tunaenda Sotik kutafuta ganda. Mama ameniambia kompyuta niiache nyumbani.