Mayai ya mama na shokapu nilizozipuuza

Leo naacha kidogo habari za viwavijeshi, nizungumzie gari linalobeba mazao yetu.

Kiangazi cha mwaka jana nilimpa lifti mama mmoja muuza mayai, kutoka Kakese kuja Ilembo, kwa pikapu yangu kuukuu. Alikuwa na trei sita, tukazifunga vizuri. Tulipofika, mayai 41 yalikuwa yamepasuka. Nikamwambia, "Pole mama, barabara mbovu." Akanijibu, "Barabara ni ile ile, mwanangu. Wiki iliyopita nilikuja na bajaji, likapasuka moja."

Nilimlipa, lakini aibu ilibaki. Mimi ndiye ninayewaambia kila siku msikimbilie dawa, tafuteni kwanza chanzo.

Jioni ile nilikandamiza kona ya nyuma ya gari, nikaachia. Ilinesa mara nne. Shokapu nzima hupanda mara moja, ikatulia. Nilipochungulia chini, zote mbili zilikuwa zimelowa oili.

Wengi hudhani shokapu hubeba mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Shokapu huituliza springi isirukeruke: ndani yake pistoni husukuma oili kwenye vitundu vidogo. Oili ikivuja, tairi hurukaruka badala ya kushika ardhi. Gari huchelewa kusimama ukikanyaga breki, na tairi hulika kwa mabaka. Kwa hiyo si mayai tu, ni roho za watu.

Nilinunua mbili mjini, maana hubadilishwa kwa jozi. Kisha nikafanya kosa: niliweka jeki juu ya mchanga. Ikazama, gari likashuka. Mpwa wangu alikuwa ametoka chini yake muda huo huo kufuata spana. Nilikaa chini, mikono ikitetemeka.

Tulilowesha nati kwa dizeli, tukalala. Asubuhi tulianza upya:

- Gari kwenye ardhi ngumu tambarare, gia ndani, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya matairi.
- Matairi yote chini. Pikapu yenye springi za vyuma bapa ina nafasi ya kuingia bila kuinua. Ukilazimika kuinua, weka ubao mnene chini ya jeki, na stendi za chuma chini ya gari. Usiamini jeki peke yake.
- Fungua nati ya juu na bolti ya chini, pachika mpya, kaza gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Kagua tena baada ya safari chache.

Onyo: shokapu za mbele za magari mengi madogo zimevishwa springi iliyobanwa. Ikifyatuka inaweza kuua. Hizo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubania springi. Na shokapu ya gesi usiitoboe wala kuichoma moto.

Mwezi uliofuata mama alipanda tena, trei sita. Likapasuka yai moja. Akacheka: "Haya mwanangu, sasa umeifikia bajaji."