HAKI YA MBWA MZEE



Tumeulizwa mara nyingi, na wakubwa kwa vijana, kwa nini mwalimu wa chuo cha Kurani akubali kumtunza mbwa, tena mbwa mzee, mgonjwa, asiyefaa kitu. Swali hilo ni la haki, na mwenye kuliuliza hana lawama. Twaona ni kheri tulijibu kwa maandishi, ili wasomaji walipime pamoja nasi.

Sisi ni watu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Aijuaye nchi hii ajua kuwa riziki yetu ni korosho na muhogo, na kwamba nguruwe mwitu ni adui mkubwa wa shamba. Kwa hiyo wakulima wengi, Waislamu na wasio Waislamu, hufuga mbwa wa kulinda mashamba. Mbwa hukesha, mwenyewe akalala. Lakini siku nguvu zimwishiapo, meno yakang'oka na macho yakaingia ukungu, wako wamfukuzao kwa mawe, na wako wamwachao porini ili njaa imalize kazi.

Hayo ndiyo yaliyomfika mbwa aliyeitwa Simba. Jirani yetu wa shamba aliuza mikorosho yake akahamia Masasi, na mbwa hakumchukua. Tulimkuta chini ya mkorosho, mbavu zahesabika, ngozi imeliwa na upele, masikio yamejaa kupe. Aliinua kichwa tu, kusimama hakuweza. Wanafunzi wetu waliofuatana nasi walikuwa wamekwisha okota mawe. Tukawaambia wayaweke chini.

Kwanza tulimtafuta mwenyewe, maana mnyama ni mali, na mali ya mtu haichukuliwi ila kwa idhini yake. Tulimwendea huko Masasi, chini ya ile milima ya mawe. Akatujibu, "Maalim, mbwa yule kazi yake imekwisha. Fanyeni mpendavyo." Basi tukamchukua kama amana, mpaka apatikane mtu wa kumpokea.

Kisha tulimwita afisa mifugo. Alituamuru tumfunge peke yake na watoto wasimkaribie, kwani mbwa asiyejulikana hali yake huenda akawa na kichaa. Akamdunga sindano ya upele, akampa dawa ya minyoo, na alipopata nafuu akamchanja. Chakula chake kilikuwa ugali laini uliolowekwa katika mchuzi wa dagaa, kwa kuwa meno ya kutafunia hakuwa nayo.

Jambo zito lilikuwa maji. Ardhi ya uwanda wetu huyanywa maji ya mvua yakapotea chini, na mama zetu walikuwa wakishuka magenge hadi mabondeni, kisha wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata baada ya kuletwa mabomba, ndoo ya maji kwetu ni kitu cha thamani. Mzee mmoja alituambia kwa uchungu, "Maalim, maji ya kutawadhia yana taabu, nawe wamnywesha mbwa?" Tukamkumbusha ile Hadithi aijuayo yeye kuliko sisi, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akampandishia mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna thawabu, Mtume s.a.w. aliwajibu kuwa imo katika kila kiumbe chenye uhai. Mzee alinyamaza. Siku ya pili mjukuu wake alileta nusu dumu ya maji.

Ama khabari ya najisi, hatukuidharau. Sisi ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Ndugu zetu Mamaliki husema mbwa aliye hai ni twahara, lakini sisi tulishika yetu. Simba alikuwa na bakuli lake mbali na vyombo vya watu, nasi tulikuwa na nguo ya kumhudumia. Kadhalika hakuingia nyumbani, kwa ajili ya Hadithi ya malaika ijulikanayo na wote. Makao yake yalikuwa shambani, chini ya dungu. Lakini hukumu ya najisi hutufundisha kuosha. Kumuua kiumbe kwa njaa haikutufundisha kamwe.

Wengine walisema, "Mbwa wa shamba ameruhusiwa kwa kazi yake, na huyu hana kazi." Ni kweli hakulinda kitu. Alibweka mara chache kwa sauti ya kukwama, na nguruwe hawakumjali. Jawabu tulilipata kwa Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki Misri mwaka 1262. Alipozihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe, alitaja kulishwa kwake hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Ruhusa ya kumfuga ilikuja na kazi, lakini kazi ikiisha, haki yake haiishi.

Tena yapasa vijana wajue kuwa huruma bila ya hadhari ni hatari. Kichaa cha mbwa kikisha onyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno. Chanjo yake ya kwanza kwa binadamu ilitolewa Ufaransa na Louis Pasteur mwaka 1885, na kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ilikuwamo katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Aumwaye na mbwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, wala asingoje kuona kama ataugua.

Nairobi kiko chama cha KSPCA, ambacho hupokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia watu wa kuwatunza. Kwetu, nyumba ya mbwa mzee ni moyo wa jirani tu. Na moyo huo una gharama yake: mzazi mmoja aliwatoa wanawe wawili chuoni kwa sababu ya mbwa huyu, na mpaka leo hawajarudi. Limetuuma sana, nasi twamwombea kheri.

Hakutokea mtu wa kuipokea ile amana. Simba alikaa nasi misimu miwili ya korosho, akafa usiku mmoja wa masika chini ya dungu lake, ngozi yake imeota manyoya tena. Wanafunzi walichimba shimo, na miongoni mwao walikuwamo wale waliokuwa wameokota mawe.

Enyi wazazi, mwenye mbwa wa shamba amchanje, ampe kivuli, na akizeeka asimtupe. Mtoto amwonapo baba akimfukuza aliyemtumikia, hujifunza somo ambalo atakuja kulitumia kwa wengine. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma, na atuhurumie siku tutakapokuwa wazee tusio na kazi. Amin.