Uwekevu Katika Kompyuta ya Mchezo

Watu wengi hudhani kuwa uwekevu ni kukataa kutoa fedha. Dhana hiyo si sahihi. Bahili hukataa kutoa, mbadhirifu hutoa bila ya kuuliza, lakini mwekevu huuliza kwanza, hupima, kisha hutoa mahali ambapo shilingi moja itafanya kazi ya shilingi mbili. Tofauti ya watu hawa watatu huonekana katika mambo makubwa kama ujenzi wa nyumba na ulipaji wa karo. Lakini mimi nimeiona wazi zaidi katika jambo ambalo wazee wengi huliita upuuzi, nalo ni kuitengeneza kompyuta kuukuu ya nyumbani ili iweze kuchezewa michezo. Nakuomba, msomaji, usikunje uso upesi. Mchezo ni haja ya kijana kama usingizi ulivyo haja ya mwili, na haja isiyopewa nafasi nyumbani hujitafutia nafasi kwingine.

Mwaka 2023 mpwa wangu, aliyekuwa katika kidato cha pili, alikuwa akiishi nami. Jioni nyingi alichelewa kurudi, kwani karibu na kituo cha matatu palikuwa na chumba ambamo vijana walilipa ili kucheza soka ya kwenye skrini, na aliyeshindwa alimlipa aliyeshinda. Soka yenyewe haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika dau, ambalo lilikuwa limeanza kula nauli yake. Ningaliweza kumkataza, kwa kuwa ualimu hunoa sauti ya kukataza. Lakini katazo lisilo na badala ni mlango usio na komeo. Nyumbani palikuwa na kompyuta ya mnara, iliyokwisha kutumika ofisini kabla ya kuuzwa, ambayo nilikuwa nikiandikia mitihani. Nilimwambia kuwa nitatoa shilingi 15,000, wala si zaidi, kwa kuwa karo ya muhula ilikuwa mbele yetu. Na kuwa yeye ndiye atakayeandika daftarini kila shilingi inakokwenda.

"Mjomba, fedha hizo hazitoshi," alisema. "Yafaa tuiuze hii, tutafute mpya."

"Tupime kwanza," nilimjibu, "kisha tuseme."

Kompyuta, msomaji, ni kama kundi la wasafiri walioapa kutoachana njiani: wote hufika pamoja na yule aliye nyuma kabisa. Ukimnunulia farasi aliye mbele, hujaharakisha safari hata hatua moja. Katika mchezo wasafiri hao ni wanne. Kichakataji hufanya hesabu. Kumbukumbu hushika yale yanayotumika sasa. Diski huhifadhi yale yatakayotumika baadaye. Na kadi ya picha huchora yale yanayoonekana. Ili mchezo uonekane laini, aghalabu hutakiwa picha 60 katika kila sekunde. Maana yake ni kuwa kila picha haina budi kuwa tayari katika muda wa sehemu 17 hivi za elfu moja za sekunde. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa, na mchezaji huona mpira ukirukaruka badala ya kuviringika.

Tuliwasha mchezo, tukafungua programu iliyomo ndani ya Windows inayoonyesha ni sehemu gani ina kazi nyingi na ni ipi inapumzika. Kichakataji, Intel Core i5-4570 cha mwaka 2013, chenye viini vinne, kilikuwa kikitumia kama nusu ya nguvu zake. Kumbukumbu, gigabaiti 4 katika kipande kimoja, ilikuwa imejaa pomoni. Diski ilikuwa ya kale, ya sahani izungukayo, nayo haikutulia hata kidogo. Kadi ya picha haikuwamo kabisa. Kazi yake ilifanywa na sehemu ndogo iliyo ndani ya kichakataji, ambayo haina kumbukumbu yake bali huazima ile ile iliyokwisha kujaa. Hivyo yule aliyelaumiwa hakuwa na hatia. Kuiuza kompyuta nzima kungalikuwa kama kubomoa nyumba kwa sababu ya dirisha bovu.

Tulianza na mambo yasiyo na gharama. Tulizima umeme, tukaondoa vumbi la miaka lililoziba feni, kwa maana kichakataji kikipata joto jingi hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue. Kisha tulipunguza ukubwa wa picha. Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600 za kupakwa rangi katika kila picha. Ukishuka hadi 1,280 kwa 720, hubaki 921,600 tu, yaani chini ya nusu. Hapo tuliona nafuu bila ya kutoa hata senti.

Ndipo tulipokwenda Nairobi, katika barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vyombo vya umeme yamebanana kama meno. Hapo, msomaji, ndipo uwekevu hujaribiwa, kwa sababu kila muuzaji anajua jina la kiu yako. Mmoja alitusihi tuchukue kadi kubwa yenye feni mbili, kwa bei ambayo ingalimaliza fedha zote. Mpwa wangu aliitazama kama mwenye njaa atazamavyo pilau. Nilimwuliza swali moja tu: "Itakula umeme kiasi gani?" Tundu linaloshika kadi ndani ya kompyuta hutoa wati 75 na si zaidi, kadi inayohitaji kupita hapo huhitaji waya wake yenyewe kutoka katika kisanduku cha kugawia umeme. Kisanduku chetu kilikuwa cha wati 320, na waya huo hakikuwa nao. Alipiga hesabu, akairudisha kadi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Tulichagua kadi iliyokwisha kutumika, GeForce GTX 750 Ti, ambayo NVIDIA iliitoa mwaka 2014. Ina kumbukumbu yake ya gigabaiti 2, hutumia wati 60, na hii yetu haikutaka waya wa ziada. Hatukulipa kabla ya kuiona ikifanya kazi kwa nusu saa dukani, na kabla ya kuikagua kwa programu ya kutambua kadi. Kwani ziko kadi dhaifu za zamani zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitaje kwa majina ya wakubwa wao. Na wewe mwenye kompyuta ndogo iliyo bapa, pima kimo cha nafasi kabla ya kununua, maana kadi ya kimo cha kawaida haiingii humo.

Daftari la kijana lilisomeka hivi: kadi ya picha, shilingi 8,000, diski ya SSD ya gigabaiti 240, shilingi 2,800, kipande cha pili cha kumbukumbu cha gigabaiti 4, shilingi 1,500, kifaa cha kuikinga kompyuta na umeme unaopanda ghafla, shilingi 1,500, dawa ya kupitisha joto kati ya kichakataji na feni, shilingi 300. Jumla ilikuwa shilingi 14,100. Kipande cha pili hakikuongeza nafasi tu. Viwili vinavyofanana hufungua njia mbili za kupitishia habari badala ya moja. Diski mpya haikuongeza idadi ya picha, bali ilipunguza muda wa kungoja mchezo ufunguke. Soka ikachezeka vizuri. Shilingi 900 zilizobaki aliziweka kuwa akiba ya nauli, wala sikumwambia afanye hivyo.

Lakini ukweli haufai kufichwa: kitu kuukuu hakigeuki kuwa kipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya bure, na kichakataji cha mwaka 2013 hakimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa na Windows 11. Mwezi huo huo NVIDIA ilikoma kuzitengenezea kadi za kizazi kile maboresho kwa ajili ya michezo mipya. Mwenye kompyuta kama ile anaweza kuweka mfumo wa Linux, ambao hauuzwi. Ila ajue kuwa baadhi ya michezo ya mashindano ya mtandaoni hukataa kufunguka humo. Na anayenunua leo kompyuta iliyotoka ofisini, heri atafute yenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, apate miaka mingine mbele yake.

Yule kijana hakuacha marafiki zake wa kituoni. Aliwaleta nyumbani, wakacheza bila ya dau, baada ya kazi za shule, nami nikiwasikia wakibishana. Hata hivyo sioni kuwa faida kubwa ilikuwa mchezo. Faida kubwa ilikuwa kujua kuuliza ni nani aliye nyuma kabisa katika msafara. Swali hilo lafaa kwa mkulima anayelaumu mbegu ilhali udongo wake umechoka, na kwa mwanafunzi anayetafuta vitabu vipya ilhali hajalala usiku tatu. Jiulize nawe, msomaji, kabla mkono haujaingia mfukoni. Mfuko mdogo wenye swali zuri hufika mbali kuliko mfuko mkubwa usiouliza.