Mwezi Unapochelewa

Yako mambo ambayo sisi akina mama wa Nyabiondo twayasema kisimani kwa sauti ya chini, na mtoto akipita twanyamaza. Moja ni hili la siku za mwezi zinapochelewa. Mwanamke akipitisha siku kumi bila kuona hedhi, jirani hukata shauri upesi: "Ana mimba huyo." Na anyonyeshaye, ambaye hajaona damu tangu kujifungua, huambiwa kinyume chake: "Wewe huwezi kushika mimba." Hukumu hizi mbili zimeleta machozi katika nyumba nyingi, nasi twaona yafaa tuzichungue.

Tuanze na vita, maana huku kwetu vita vimeugusa hata mwili wa mwanamke. Mwezi wa Desemba 2004 mapigano yaliingia Nyabiondo, watu wakakimbilia msituni, na tangu hapo tumekimbia mara nyingine nyingi. Mkimbizi hulala kwenye baridi, hula mihogo mara moja kwa siku au hali kabisa, huchukua mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Baada ya miezi miwili mitatu ya maisha hayo, wako wanawake ambao hedhi yao hukoma. Mwili hufanya kama mama mwenye unga kidogo: huacha kualika wageni. Ubongo ukisikia njaa, hofu na uchovu, hupunguza amri zake, na yai halikomai. Hapo hakuna mimba. Lakini mume aliyekuwa mbali akirudi na kusikia kwamba mkewe hana siku zake tangu mwezi wa tatu, huanza kuhesabu kwa vidole. Tumeona mke akirudishwa kwao kwa sababu hiyo, hali tumboni mwake hamkuwa na kitu ila njaa.

Ziko sababu nyingine pia. Ugonjwa mzito huweza kuchelewesha hedhi, hata rovu la shingoni. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu huweza kuisimamisha, na mwanamke akiiacha, hedhi yaweza kukawia miezi mingi kurudi. Binti aliyevunja ungo juzi, na mama anayekaribia miaka 50, siku zao hurukaruka.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa twamwomba msomaji asiharakishe. Mwezi wa mwanamke huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku iliyotangulia damu nyingine. Wengi husema ni siku 28, lakini 21 hadi 35 si ugonjwa. Mganga Ogino wa Japani mwaka 1924, na Knaus wa Austria mwaka 1928, walieleza jambo ambalo watu bado huligeuza kichwa chini. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi ijayo. Hawakusema siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Kwa mwenye mwezi wa siku 28 ni mamoja. Kwa mwenye siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu ya mume yaweza kulingojea hata siku tano.

Haya, mtazame mwanamke aliyekimbia kwake siku ya 10 ya mwezi wake. Hofu na njaa vyaweza kulichelewesha yai hadi siku ya 24, au 30. Yeye amehesabu vizuri kama alivyofundishwa, siku ya 19 imepita, asema hatari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inakuja! Hedhi inapochelewa, mara nyingi ni kwa kuwa yai limetangulia kuchelewa. Ndiyo maana sisi twasema wazi kwamba mwezi wa kukimbia hauhesabiwi kwa kalenda. Hata zile shanga za kuhesabia, ambazo hupaka hatari siku ya 8 hadi ya 19, humfaa yule tu ambaye mwezi wake haupungui siku 26 wala kuzidi 32. Ute huonyesha zaidi: ukiwa mwepesi na wa kuvutika kama ute mbichi wa yai la kuku, basi siku zenyewe ndizo hizo, kalenda iseme itakavyo. Lakini anayelala na watu kumi katika chumba kimoja cha shule, bila maji wala pazia, atajichungua wapi?

Na anyonyeshaye? Kunyonyesha huzuia mimba kweli, kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, hapewi kitu ila ziwa mchana na usiku, na mama hajaona damu bado. Hapo katika wanawake 100 hawashiki mimba ila wawili hivi. Lakini mama akienda shamba asubuhi, bibi akabaki na mtoto na kumpa uji, sharti moja limekwisha vunjika. Na asingojee kuona damu ili ajihadhari, kwa kuwa yai ndilo hutangulia na damu hufuata. Wako walioshika mimba bila kuona hedhi hata moja katikati.

Dawa ya mashaka ni kipimo cha mkojo katika kituo cha afya. Hufaa tangu siku ambayo hedhi ilitazamiwa. Asiyejua siku yake angoje siku 21 tangu alipolala na mume. Kikisema hapana na damu isije, arudi baada ya wiki moja.

Lakini yako mambo yasiyongoja wiki. Hedhi imechelewa, kisha tumbo linauma sana upande mmoja, damu inatoka kidogo, kizunguzungu kinamwangusha: huenda mimba imetunga nje ya mji wake, na ndani damu inamwagika. Huyo na awekwe kwenye kipoyi apelekwe hospitali ya Masisi saa ile ile, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo aliyetendewa jeuri na wenye silaha. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yataka kuanza kabla ya saa 72, na ile ya kuzuia mimba isitungwe kabla ya saa 120, na kila saa ipitayo huipunguzia nguvu. Kumficha ndani kwa ajili ya aibu ni kumpokonya saa hizo.

Wengi wetu hatuna kalenda. Alama ya makaa ukutani yatosha, au fundo katika uzi, na uzi ni bora maana ukikimbia waenda nao. Mwuguzi huuliza kwanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Huongeza siku saba, hurudi nyuma miezi mitatu. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi atazamie kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Mwenye kujua hivyo, naye alipasuliwa uzazi uliopita, aweza kuanza safari ya Masisi mwishoni mwa Novemba kwa miguu yake, kabla mvua haijaharibu barabara.