Safari Yetu ya Kwanza ya Kupiga Kambi

Mtahiniwa mpenzi, wahenga walinena kwamba mipango si matumizi. Methali hiyo niliikariri nilipokuwa katika kidato cha nne huko Kakuma, kaunti ya Turkana, nikaitumia katika insha mbili tatu na kupata alama zangu. Maana yake niliifahamu miaka kadhaa baadaye, nikiwa mbali sana na Turkana, nilipokuwa nikipanga safari ya siku tatu tu ya kwenda kulala ndani ya hema. Nakusimulia kisa hiki kwa kuwa hivi karibuni nawe utakuwa mtu mzima wa kupangia wengine mambo, na kosa nililolifanya ni rahisi mno kulifanya.

Sisi ni Wakongomani. Tuliishi Kakuma kama wakimbizi hadi tulipohamishiwa Marekani, tukafikia mji wa Jacksonville, jimbo la Florida. Mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka hapo, karibu na mji wa Orlando, kuna Walt Disney World, eneo kubwa la burudani lililofunguliwa mwaka wa 1971. Lina bustani kuu nne za michezo na mahoteli chungu nzima. Vilevile lina uwanja wa kupigia kambi uitwao Fort Wilderness, uliofunguliwa mwaka huo huo. Usidhani kwamba huko ni porini kabisa. Kila familia hupewa kiwanja chake katikati ya miti, chenye bomba la maji, umeme, meza ya kulia na jiko la mkaa la kuchomea nyama. Vyoo na mabafu yamo katika majengo ya pamoja. Kiwanja kimoja huweza kulaza hadi watu 10, nasi tulikuwa wanne: mama, wadogo zangu Furaha na Amani, pamoja nami.

Nilichukua daftari, nikaandika kila kitu: umbali, petroli, ada ya kiwanja, chakula. Nilinunua hema la bei nafuu, nikalificha chini ya kitanda. Nilichagua mwezi wa Julai kwa sababu shule huwa zimefungwa. Kwa miezi minane nilikuwa nimeweka kando dola 40 kila nilipolipwa. Sikumwambia mama chochote, maana nilitaka kumfurahisha ghafla.

Jumapili moja baada ya ibada, nilisimama sebuleni nikawasomea mpango wangu kama mwalimu mkuu gwarideni. Wadogo zangu waliruka kwa furaha. Mama alinyamaza. Alilitazama lile hema nililokuwa nimelikunjua sakafuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unataka kunirudisha kambini?"

Nikajaribu kueleza kwamba hii ni kambi ya starehe.

"Kambi ni kambi," akasema. "Nilikubeba mgongoni nikakuingiza kwenye hema. Leo nitoe pesa ili nilale kwenye hema?" Akainuka, akaenda jikoni.

Niliduwaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami ndiye niliyemletea ung'ongo huo sebuleni. Kwangu neno kambi lilikuwa na marafiki, mpira wa matambara na madarasa ya udongo. Kwake lilikuwa foleni ya chakula akiwa na kadi mkononi, usiku wa mvua laga ilipofurika, na kibali cha kuomba kila alipotaka kutoka kwenda mji mwingine. Tulikuwa tumeishi mahali pamoja, lakini kila mmoja alikuwa na Kakuma yake. Nami sikuwahi kumuuliza yake ilikuwaje.

Amani alininong'oneza kwamba tungeweza kumwacha nyumbani. Nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia mimi pia. Hata hivyo, safari niliyokuwa nimeipanga kwa ajili yake ingekuwa na maana gani bila yeye? Siku ya tatu nilipiga moyo konde, nikamwendea. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba tusipokwenda si neno. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miezi minane kabla: "Mama, ungetaka safari iwe vipi ndipo nawe ukubali?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza. Choo kiko hatua ngapi kutoka hemani? Usiku kuna taa? Mvua ikinyesha, maji yanaelekea wapi? Radi ikipiga, tunakimbilia wapi? Na tukitaka kuondoka usiku wa manane, tunamwomba nani ruhusa?

Mtahiniwa, katika kurasa sita za mpango wangu hapakuwa na jibu hata la swali moja. Penye wazee haliharibiki neno. Tulikaa pamoja na daftari, tukaanza upya.

Swali la mvua lilibomoa Julai yangu. Kiangazi cha Florida huja na ngurumo karibu kila alasiri, na msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Hema halimkingi mtu dhidi ya radi. Radi ikianza ni lazima kuingia ndani ya jengo au ndani ya gari lililofungwa madirisha. Tukachagua Februari, wakati mvua ni haba, tukaongeza blanketi kwa sababu ya baridi ya usiku.

Kisha mama akasema tulijaribu hema. Tulilisimamisha nyuma ya nyumba, Furaha akaingia na tochi, mama akalimwagia ndoo mbili za maji. Furaha alitoka amelowa. Mishono ilikuwa ikivuja. Tulinunua dawa ya kuiziba, tukarudia jaribio hadi akatoka mkavu. Mama alinifundisha pia kwamba turubai la chini lisizidi ukubwa wa hema, kwani ukingo ukichomoza hukinga maji ya mvua na kuyaingiza chini ya waliolala. Hilo hakulisoma katika kitabu chochote.

Hesabu ya pesa nayo ilinitoa jasho. Nilidhani ada ya kiwanja inatosha, kumbe tiketi za kuingia katika bustani za michezo hulipiwa kando, na kila mtu na yake. Tulichagua bustani moja kwa siku moja. Wadogo zangu walitaka Animal Kingdom, ambako kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa Afrika Mashariki.

Ilipofika Februari, tuliondoka Ijumaa alfajiri. Jambo la kwanza alilofanya mama kambini lilikuwa kutembea hadi chooni na kurudi, akihesabu hatua. La pili lilikuwa kumuuliza mhudumu kama tungeweza kuondoka wakati wowote. Akajibiwa kwamba ndiyo, wakati wowote. Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kumenya viazi. Kesho yake, huko Harambe, alisimama mbele ya bango lililoandikwa Kiswahili, akalisoma kwa sauti na kucheka hadi machozi yakamtoka. "Tumevuka bahari ili tuje kukaribishwa kwa lugha yetu!"

Sitakudanganya kwamba alipenda kila kitu. Usiku wa kwanza hakulala sana. Nilimwona ameketi nje, shuka mabegani, akitazama makaa. Nilitoka nikaketi kando yake. Usiku huo alinisimulia mambo ya safari yetu ya kuingia Kenya ambayo sikuwahi kuyasikia. Usiku wa pili alilala hadi jua likachomoza.

Basi, mtahiniwa, unapopanga safari, harusi au hata mchango wa darasa, andika tarehe, andika gharama, jaribu vifaa vyako mapema. Lakini kabla ya hayo yote, waulize watakaokwenda nawe. Daftari langu bado ninalo. Ukurasa wa kwanza niliuchana, na mahali pake nimebandika maswali matano ya mama.