Mlio wa Alfajiri



Leo hatuandiki habari za shela wala hina. Tunaandika habari za gari yetu, maana maharusi wengi wa Chake mmeipanda.

Mimi na wifi yangu tunashona magauni ya harusi. Tuliona biharusi akishalipia gauni huanza kuhangaikia gari, tukaweka faida pamoja tukanunua Altezza nyeupe ya gia sita za mkono. Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1998, wakaacha kuitengeneza 2005. Ni gari kuukuu ya mbio, lakini ikitiwa maua, mashaAllah.

Ikaanza kulia. Alfajiri tu, ikiwashwa mara ya kwanza: krrrr, kama bati linakwaruzwa, sekunde mbili hivi, kisha kimya. Fundi wa kwanza akasikiliza mara moja, akasema rodi zinagonga, tununue injini nyengine. Bei yake ilikuwa malipo ya maharusi wanne. Tukaona bora tuiuze.

Mnunuzi akaja saa nne kutoka Wete. Sisi saa tatu tulishaiwasha, ikapata moto, tukaizima. Tukajiambia tunaipasha tu. Alipoiwasha yeye, haikutoa hata chembe ya mlio. Akafurahi, akaanza kuhesabu pesa. Tukatazamana. Wifi ndiye aliyesema, "Kaka, njoo kesho alfajiri uisikie ikiwa baridi." Akaondoka, hakurudi. Tulinuniana wiki nzima.

Kilichotuzindua ni cherehani. Iliyolala bila mafuta hulia mishono ya mwanzo, ikishalowa hunyamaza. Kilichovunjika hakinyamazi. Ingekuwa rodi, mlio ungebaki na kuzidi tukikanyaga mafuta. Tukampelekea maneno hayo fundi mwengine, mtu mzima wa Mkoani. Akacheka, akasema nusu ya kazi tumeshaifanya.

Injini ile ina gia ya VVT-i kwenye shafti ya vali, inayosukumwa kwa nguvu ya oili. Gari ikilala, oili hushuka. Ndani mna pini ndogo inayoishikilia gia mpaka oili ipande. Pini ikilika, gia hugongagonga. Akaanza na rahisi: akamwaga oili nzito tuliyoshauriwa tutie "ifunike mlio", akatia nyepesi iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na filta yenye mpira unaozuia oili isirudi chini. Akasafisha na vali inayoipelekea gia oili. Mlio ukapungua, haukwisha. Basi gia ikaagizwa Dar, ikaja kwa boti. Kwa vile kifuniko kilishafunguliwa, akafunga na mkanda mpya wa taimingi na pampu ya maji. Yote hayo hayakufika robo ya bei ya injini. Yule kaka wa Wete tulimpigia, keshanunua nyengine.

Nawe biharusi, mumeo akitaka gari ya mkononi, nendeni asubuhi mapema. Kabla ya ufunguo, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, uliza kwa nini.

Ijumaa iliyopita ilimchukua biharusi wa Wesha. Wifi aliiwasha baada ya sala ya alfajiri, akasimama na ushungi wake akisikiliza. Kisha akarudi ndani kumalizia kupiga pasi shela.