Wazee Wetu Wanacheza Wapi?

Kama kuko muzee nyumbani mwenu, nakuomba leo kabla ya kulala ujiulize jambo moja: tangu asubui alifanya nini? Siulizi kama alikula. Siulizi kama alimeza dawa yake ya tansio. Nauliza kama katika siku nzima kulikuwa hata kitu kimoja kilichomuchekesha.

Mimi sikujiuliza hivyo juu ya baba yangu. Alifanya kazi chini ya udongo miaka 31. Siku kampuni ilipomurudisha nyumbani pamoja na wengine, alipewa feza kidogo na barua. Feza iliisha upesi. Kitu kilichobakia kwake kilikuwa dama. Kila mangaribi alienda chini ya mwembe kwenye barabara yetu, fasi rafiki zake wa kazi walikuwa na ubao wa viwanja 100 na vifuniko vya chupa: 20 vya Simba kwa huyu, 20 vya Fanta kwa yule. Walipiga kelele, walitukanana kwa mapendo, walicheka mpaka wamama waliouza nyanya wakageuka kuangalia.

Wakati ule nilikuwa nimetoka Shule ya Biblia miezi michache tu, na kravati yangu ilikuwa ingali mupya. Nikaona vifuniko vya pombe, nikasikia kwamba siku ingine mwenye kushindwa analipa chupa, nikapata haya kwamba baba ya muchungaji anakaa pale. Nikamusemesha mbele ya wenzake. Sikupandisha sauti, lakini ilikuwa mbele yao. Baba akasimama, akakunguta suruali yake, akarudi nyumbani. Hakuenda tena. Akakaa kwenye kiti karibu na mulango, uso kwenye ukuta wa jirani, karibu miaka mitatu. Tulimupa bukari, tulimununulia dawa, tulimuombea kila mangaribi. Alikufa mwaka 2011. Watu walinisifu sana kwa namna nilivyomuchunga.

Hapa Likasi, kanisani kwetu, tulikuwa na desturi ya kukusanya wazee mara moja kwa mwezi. Tunawaketisha kwenye viti virefu, tunahubiri, tunaomba, tunagawa sabuni na unga, na mbele ya saa sita kila mutu amekwisha kwenda. Siku moja mama mujane mumoja, mwenye kutembea na fimbo, akanishika mukono kwenye mulango. “Pasteri,” akasema, “munatuombeaka kila mara sawa batu benye banakufwa kesho. Siye tungali bazima! Kama munatuita tena, mutuache tucheke hata kidogo.”

Usiku ule sikulala muzuri.

Pengine umesikia kwamba huko Bulaya na Marekani kuko nyumba ambazo wazee wanafika asubui na kurudi kwao mangaribi. Wanacheza, wanaimba, wanapanda maua. Sisi hatuna nyumba ya namna ile. Lakini tulikuwa na chumba kikubwa cha mikutano kilichofungwa kwa kufuli tangu siku ya kwanza mpaka siku ya posho. Nikapeleka neno mbele ya baraza la wazee wa kanisa (ambao wengi wao, niseme kweli, hawajafika hata miaka 50). Wakauliza kama nataka kufungua baa. Tulikutana mara tatu. Mwishoni tukapatana: hakuna feza, hakuna chupa, na vifuniko vya dama vitakuwa vya Fanta na Coca tu. Mimi niliyemuhukumu baba yangu kwa vifuniko sikuwa na kinywa cha kubisha.

Tulianza siku ya tatu moja, saa tatu asubui, na tulianza vibaya. Tuliwapa wazee kalamu za rangi za watoto na tukawaimbisha nyimbo za masomo ya yenga. Walitii kwa heshima. Juma lililofuata nusu yao hawakurudi. Tunapenda kusema muzee ni mutoto mara ya pili, lakini mwenye kuendesha mashini kubwa miaka 20, ao mwenye kuzaa watoto nane na kuzika watatu, haiko mutoto hata kidogo. Basi tukafanya kile tulichopaswa kufanya mwanzoni: tukawauliza wenyewe.

Wababa walitaka dama. Wamama wawili walitaka kisolo, muchezo wa mbegu na safu ine za mashimo. Zamani walichimba mashimo kwenye udongo wakachuchumaa, lakini sasa magoti yanakataa, kwa hiyo seremala akachonga mashimo kwenye ubao munene, tukaweka ubao juu ya meza. Kuko baba mumoja ambaye ugonjwa ulimuharibia upande wa kushoto na maneno yake hayasikike muzuri. Katika kisolo anahesabu mbegu upesi kuliko mimi, na anapokula mbegu za mwenzake anapiga meza. Pale hahitaji musemaji.

Wengine hawachezi kitu, wanabishana tu, na hiyo vilevile ni muchezo. Vijana wetu wanajua Mazembe ya 2010 iliyofika fainali ya dunia mbele ya Inter. Wazee wanaanzia Englebert ya 1967. Fainali na Kotoko ya Ghana: 1-1, kisha 2-2, kisha Kotoko hawakutokea kwa mechi ya tatu. Je, kombe lile tulilishinda ao tulipewa? Wanauliza vile kila siku ya tatu, na muzee mumoja anayesahau jina la mujukuu wake hasahau kwamba 1968 tulipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0.

Siku moja kijana alileta redio na gita ya Mwenda Jean Bosco, wimbo ule Masanga ambao Hugh Tracey alikamata sauti yake hapahapa, mwaka 1952, wakati muji ungali unaitwa Jadotville. Mama yule wa fimbo alicheza mabega akiwa kwenye kiti. Muzee wa kanisa mumoja akaniuliza kama wimbo ule ni wa Bwana. Nikamwambia tutasemezana kisha. Hatujasemezana mpaka leo.

Muganga mumoja wa kanisa letu alinisomea uchunguzi uliotangazwa 2003 huko New York: waliwafuata wazee 469 wenye kupita miaka 75. Wale waliosoma, waliocheza michezo ya ubao, waliopiga vyombo vya muziki ao kucheza dansi hawakupata sana ugonjwa wa kupoteza akili kama wengine. Akaniambia nisihubiri kwamba dama ni dawa, kwani pengine mwenye akili inayoanza kuchoka ndiye anayeacha kucheza. Naliandika hapa namna alivyolisema. Mimi niliwaza juu ya kiti cha baba.

Ninyi vijana, mujue kwamba shida yetu kubwa haiko muchezo, iko njia. Wazee wanakaa mbali, mvua inaharibu barabara, moto ni bei. Na choo: mutu wa miaka 80 hatoki nyumbani kama hajui choo kiko wapi. Tulijenga kimoja chenye mahali pa kushika, na hesabu ya waliokuja ikaongezeka kupita siku tulipogawa unga. Mukisoma Zakaria 8, mistari 4 na 5, mutaona nabii anaweka wazee na fimbo zao katika njia zilezile ambamo watoto wanacheza. Nilihubiri andiko lile mara nyingi bila kuona kwamba hakuwaficha nyuma ya nyumba.

Sasa ninajifunza dama. Mwalimu wangu ni mumoja wa wale wa mwembe, wa mwisho anayebakia. Ananishinda kila siku ya tatu bila huruma. Juma lililopita aliangalia kipande nilichosukuma, akacheka pekee. “Baba yako naye alikuwa anaachaka pale wazi,” akasema. “Lakini yeye ilikuwa mutego.” Kisha akakula vifuniko vyangu vitatu.